KUPIMA MIMBA BILA KUPIMA KAZI NI NUSU YA HAKI



Alikuja kwetu mama mmoja afanyaye kazi ya kuosha matumbo ya mbuzi na ngamia machinjioni hapa Dagahaley. Mkononi alishika kitabu chake cha kliniki. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Kitabuni yameandikwa yote: wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, presha, majibu ya kaswende na ya Ukimwi. Akatuuliza neno moja tu: "Mimi nimepimwa kila mahali. Kazi yangu je, nani aliyeipima?"

Ndugu, hatukuwa na jibu. Kwa sababu hiyo twaandika karatasi hii.

Hatuandiki ili kuwalaumu manesi na wakunga. Wao hufanya kazi usiku na mchana, na wengi wao ni wafanyakazi kama sisi. Wala hatusemi vipimo ni upuuzi. Mama asiyekwenda kliniki na aende, tena mapema. Tusemalo ni hili: kumpima mama na kuiacha kazi yake bila kupimwa ni kupangusa maji sakafuni huku mtungi unavuja.

VIPIMO VYAONA NINI?

Dunia ya leo yaweza kuona mengi tumboni. Tangu mwaka 2011 kuna kipimo ambacho damu kidogo hutolewa mkononi mwa mama, kuanzia kama wiki ya 10, nayo husomwa alama za urithi za mtoto, ijulikane kama kuna dalili ya kromosomu iliyozidi. Ultrasaundi huonyesha kichwa, moyo na uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilisema kila mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kupita, na apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Yote hayo ni haki, na mke wa kibarua anastahili sawasawa na mke wa waziri.

Lakini kipimo hakimwondolei mama sumu. Humwambia yaliyokwisha kutokea. Tena madhara mengi ya kazini hayaonekani katika kipimo cha urithi, maana hayakutoka katika ukoo wa baba wala wa mama. Yametoka kazini. Hata hivyo mimba ikiharibika, nani hulaumiwa? Mwanamke. Wataambiana kuwa damu yake ni mbaya, au kwamba ameingiwa na jicho. Tajiri wake hatajwi hata mara moja.

HESABU YA SIKU 28

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga mnamo siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Siku hiyo mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Ndiyo maana madaktari husema vidonge vya asidi ya foliki vianzwe kabla ya mimba kutunga. Na ndiyo maana Kenya, mwaka 2012, iliweka sheria kwamba unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa viwandani utiwe virutubishi, foliki ikiwa mojawapo.

Iangalieni vizuri sheria hiyo. Serikali haikungoja mwanamke atangaze mimba yake. Iliweka kinga katika unga wa watu wote. Akili hiyo hiyo twaitaka kazini. Tajiri anayesema, "Mwenye mimba aniambie, nitamhamisha," huyo amechelewa tayari. Mahali pa kazi pasipomfaa mwenye mimba ya siku 20 asiyejijua, hapamfai mtu yeyote.

TULIYOYAONA OWINO UHURU

Asiyeamini na aende Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, tangu mwaka 2007 hata 2014. Moshi na maji machafu yaliingia majumbani. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa kiwandani humo, na mtoto wake mchanga akaugua; sumu ya risasi ilikuwa imempata kwa maziwa ya mama yake mwenyewe. Mama yule hakunyamaza. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri ya malipo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kufungwa hata hukumu ya mwisho ni miaka 10. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa alikuwa darasani.

Risasi ina tabia mbaya ya kukaa mifupani miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa huachia madini ili kumjenga mtoto, na sumu ya zamani hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo la nyuma. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Basi kijana fundi wa betri asiseme mambo haya ni ya wanawake. Vumbi la nguo zake huingia nyumbani pamoja naye, likamfika mkewe na mtoto aliye tumboni.

NA HAPA KWETU

Mwishoni mwa mwaka 2006 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, na zaidi ya watu 100 walikufa nchini Kenya hata mwaka uliofuata. Kila mfugaji aijua dalili yake ya kwanza: mifugo hutupa mimba kwa wingi. Watu huipata kwa mbu, na kwa kushika damu, nyama na uzazi wa mnyama mgonjwa. Watafiti waliochunguza wajawazito wa Port Sudan waliona kuwa walioambukizwa homa hiyo waliharibikiwa mimba zaidi kuliko wenzao. Bruselosi nayo, ipatikanayo kwa maziwa mabichi na kwa kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu, yaweza kuharibu mimba ya mwanamke kama iharibuvyo ya mbuzi. Basi yule mama wa machinjioni aliuliza swali la haki kabisa. Glovu zake zi wapi?

Mwaka 2012 homa ya ini aina ya E iliingia kambi za Dadaab kwa maji na vyoo vichafu. Wengi wa waliokufa walikuwa akina mama waliotoka kujifungua. Ugonjwa huo, ambao kwa wengine hupita, kwa mwenye mimba iliyokomaa huua. Basi mwenzetu anayechimba choo, au anayetia dawa katika matangi ya maji, kazi yake ni ulinzi wa uzazi. Fedha za maji zikipunguzwa, mjamzito ndiye wa kwanza kulipa.

MAJIBU YA MATAJIRI

Tumeyasikia majibu yao matatu, nasi twayajibu.

La kwanza: "Hawa wakimbizi si waajiriwa, ni watu wa insentivu." Kweli wapewa malipo madogo kuliko Mkenya afanyaye kazi ile ile, na hilo ni dhuluma ya peke yake. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali ambapo mtu yupo kazini, awe wa kudumu au wa muda. Yamtaka mwajiri achunguze hatari za kazi na kutoa vifaa vya kujikinga. Sumu haimwulizi mtu kitambulisho kabla ya kumwingia.

La pili: "Basi mwenye mimba na akae nyumbani." La hasha! Hiyo ni kumfukuza mtu kwa ulimi laini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mwanamke kwa mimba, yasema mimba si sababu ya haki ya kumwachisha kazi, na yampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Akina mama wetu huficha mimba kwa sababu waogopa kupoteza riziki, nao wakificha hukosa kliniki ya mapema. Hofu ya kufukuzwa nayo ni sumu mojawapo. Wala tajiri hana haki ya kuvisoma vipimo vya mtu. Majibu ya damu ni ya mama na daktari wake.

La tatu: "Ni mapenzi ya Mungu." Ndugu, sisi ni watu wa dini, na msiba tunaupokea kwa subira. Lakini watu wa ngamia tumefunzwa tangu utoto: mfunge ngamia wako kwanza, kisha mtegemee Mungu. Aliyemwacha ngamia bila kamba asije akamsingizia Mola.

NASI TUJILAUMU

Twawasema wengine, na tuseme yetu pia. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956. Wako akina mama walioonekana karibu wazima, na watoto wao wakazaliwa wamelemaa. Wafanyakazi wa kiwanda walinyamaza kwa kuogopa kazi zao. Agosti 1968, baada ya miaka 12, chama kimoja cha wafanyakazi hao kilitamka hadharani kwamba kinaona aibu kwa kutokuwapigania wagonjwa.

Sisi je? Mara ngapi tumekutana kusemea mishahara, na neno la mimba likaitwa mambo ya akina mama? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tumeuona mwepesi kwa kuwa hatukuubeba sisi. Tusingoje miaka 12 ndipo tuone aibu.

TWATAKA HAYA

1. Kila mahali pa kazi papimwe kabla ya watu kupimwa: damu ya wanyama, dawa za kunyunyizia, moshi, betri, mizigo mizito na jua kali. Majibu yabandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kisomali.

2. Glovu, buti na aproni zitolewe bure kwa wote, wanaume kwa wanawake, wa mshahara na wa insentivu.

3. Mwenye mimba au anayenyonyesha atendewe kama lisemavyo Pendekezo namba 191 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2000: kwanza hatari iondolewe, isipowezekana, kazi irekebishwe, isipowezekana, ahamishwe bila kupunguziwa hata senti, isipowezekana, apewe likizo yenye malipo.

4. Siku ya kliniki ihesabiwe kuwa siku ya kazi, na ultrasaundi moja kabla ya wiki 24 isiwe bahati ya wenye fedha.

5. Penye watu 20 au zaidi sheria yataka kamati ya usalama. Iundwe, na wanawake wawemo.

Nanyi wanachama mna kazi yenu. Mama akienda kliniki aseme bila kuulizwa: "Kazini nashika kitu hiki." Na kila tawi liandike orodha ya vitu vinavyoshikwa kazini, lituletee. Yule mama wa machinjioni ndiye wa kwanza kutuletea yake. Ina mistari minne tu: damu, matumbo, uzazi wa mbuzi, mikono mitupu. Tutaipeleka kwa tajiri wake ikiwa na majina yetu sote chini, lisije likasimama jina lake peke yake.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu katika kazi,
Halmashauri ya Tawi