Kapteni Akikosea, Utasema?
Kijana mwenye leseni ya urubani wa biashara akiitwa kwenye usaili wa shirika la ndege, hukesha akipitia mifumo ya injini, chati za hali ya hewa na hesabu za mafuta. Afanye hivyo. Kiingereza chake kisishuke chini ya daraja la 4 la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na kitabu chake cha saa za kuruka kiwe sahihi, maana kila mstari unaweza kuulizwa. Ila kuna swali linalotaka maandalizi zaidi ya hayo yote: kapteni wako akikosea, utafanya nini? Machi 27, 1977, katika uwanja wa Tenerife uliogubikwa na ukungu, mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza iwapo ndege ya Pan Am ilikuwa imekwisha kutoka kwenye njia ya kurukia. Kapteni, mzoefu mwenye jina, akasisitiza kuwa imetoka, akaendelea kushika kasi. Ndege hizo mbili zikagongana, na watu 583 wakafa. Ndiyo sababu wasaili hutaka kusikia ni lini ulimpinga mkubwa wako, na kwa maneno gani. Sisi tuliofundwa kutomjibu mkubwa tuna kazi ya ziada hapa. Jizoeze kutaja hatari waziwazi, kupendekeza la kufanya, kurudia usiposikilizwa, na ikibidi kushika usukani. Anayejibu kwamba kapteni ndiye bosi hudhani ameonyesha adabu. Kumbe amekiri kuwa siku ya hatari atakuwa abiria tu.