Usimuue kwa Jina Alilopewa na Simu

Wafugaji wa samaki wa maji ya chumvi mtanisamehe, lakini leo nawasema. Ukitia jiwe la tumbawe kwenye tangi lako, umepokea pia waliolidandia: kopepodi wa milimita moja au mbili, amfipodi wenye mgongo uliopinda, minyoo ya miiba, anemoni ndogo aina ya Aiptasia. Siku hizi mtu anapiga picha, simu inataja jina, naye anakimbilia dawa!

Mimi kazi yangu ni kuunda programu, na hapo nasema ngoja kwanza. iNaturalist ilianza kupendekeza majina kutokana na picha mwaka 2017, nami naipenda sana. Ila picha yenye ukungu, iliyopigwa kupitia kioo, haina cha kutosha kutofautisha minyoo miwili.

Mvizie usiku kwa tochi. Anakula nini? Minyoo mingi ya miiba hula mabaki na mizoga. Ukiimaliza, uchafu huo utaozea majini. (Usiishike kwa mkono mtupu, inachoma.) Aiptasia ndiyo adui, huyachoma matumbawe. Hata hivyo usiikwangue, maana kipande kidogo kikibaki huota upya.

Wenzangu waundaji, programu itaje kundi kwanza, kisha imuulize mtumiaji: ulimwona akifanya nini?