Beki Hakabi Peke Yake, Jamani!

Leo nina ugomvi kidogo na mashabiki wenzangu wa Karagwe na Kyerwa. Kuanzia Kayanga na Omurushaka, pitia Nkwenda mpaka Murongo kule mpakani, kila mtu ni kocha. Na makocha wote hao wana kazi moja tu: kumsulubu beki.

Chukua mechi ya Taifa Stars na Zambia, Januari 21, 2024, kule San Pédro, Ivory Coast, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika ya 11 Simon Msuva akatikisa nyavu. Dakika ya 44 Roderick Kabwe akala nyekundu, Zambia wakabaki kumi. Kibanda umiza nilimokuwa, hapa Kayanga, kikageuka harusi! Ikafika dakika ya 88. Clatous Chama akachonga kona, Patson Daka akapiga kichwa: moja moja. Kimya, utadhani tumemwagiwa maji.

Halafu kesi ikafunguliwa. Mmoja akasema beki amekaba kwa macho. Mwingine akasema la, kipa kaganda langoni. Wa tatu, ambaye bao lilipoingia alikuwa nje anatafuta karanga, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Mimi nina swali moja. Wenzetu wako kumi, sisi kumi na moja. Kwa nini dakika ya 88 wao ndio wanapiga kona na sisi tumebanana langoni? Hilo halikuulizwa na mtu. Na halishangazi, kwa sababu televisheni inafuata mpira. Inakuonyesha mtu wa mwisho kuchelewa, haikuonyeshi wa kwanza.

Kona nayo ina hesabu zake. Kuna kukaba mtu, yaani kila beki na wake, asimwachie hata akienda kunywa maji. Kuna kukaba eneo: unalinda kipande chako, atakayeingia humo ni halali yako. Balaa ni pale nusu ya timu inakaba mtu na nusu inakaba eneo. Hapo hata uwe kisiki vipi, utaonekana uchochoro.

Mgomba wenye mkungu mzito ukianguka, hakuna anayeutukana mkungu. Tunauliza nani hakuuwekea mti wa kuuegemeza. Sasa kwa nini beki tunamtukana?

Msidhani nachekesha tu. Kuna kijana mtaani kwetu, alikuwa beki nne mzuri mno. Siku moja timu ikafungwa mabao mawili, yote upande wake. Nilikuwa nyuma ya goli, nikaona kwa macho yangu: winga wake anapanda kushambulia, harudi, na dogo anabaki peke yake na watu wawili. Wa pembeni hawakuliona hilo. Walimwita uchochoro mpaka mdogo wake, aliyekuja kumshangilia, akaondoka analia. Jina likamganda sokoni, likamfuata kijiweni. Leo anaendesha bodaboda, na siku ya mechi anazunguka njia ya mbali ili asipite karibu na uwanja.

Matokeo yake tunayaona. Waambie vijana wachague namba: tisa wamejaa, kumi wamejaa, nne na tano wanasukumiana kama sahani chafu. Nani akubali kazi ambayo ukifanya vizuri hakuna anayekuona, ukiteleza mara moja unapewa jina la maisha?

Jumamosi hii fanya jaribio. Simama nyuma ya goli, na kwa dakika kumi usiutazame mpira kabisa. Mtazame beki: anamwita nani, nani hageuki, nani anatembea wakati wenzake wanakimbia. Ukimaliza, ruksa kutukana. Ila nina hakika utajikuta unamtafuta mtu mwingine kabisa.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na wewe winga unayesoma hapa huku unacheka: rudi ukabe!