Thales na vinu vya zeituni
Wanaodai kwamba wanafalsafa wa Uyunani waliidharau mali wote kwa jumla hawajamsoma vema Aristotle, ambaye katika kitabu chake cha Siasa asimulia jinsi Thales wa Miletus, aliyekuwa akisimangwa kwa ufakiri wake, alivyotambua kwa elimu ya nyota, na majira ya baridi hayajesha, kwamba mizeituni itazaa tele, akatoa arabuni kidogo kwa vinu vyote vya kukamulia mafuta vya Miletus na Chios, na mavuno yalipowadia akavikodisha kwa ujira alioutaka mwenyewe. Ajabu ni kwamba Aristotle huyo huyo, aliyeikemea riba kuwa ndiyo chumo lililo kinyume kabisa na maumbile, asema hata watawala yawafaa kuijua hila ya Thales, ilhali wakulima waliokamuliwa pamoja na zeituni zao hawataji kamwe.