Tunalalamika redio inanyamaza. Sisi wenyewe tulisema nini?

Kila mara mushahara ikichelewa, neno ni lile lile pa Kapolowe Gare: «Ba redio balishauzwa. Banakulaka na ba patron.» Tunalisema tukitoka kazini, mama analirudilia sokoni kwenye meza yake ya samaki, na watoto wanalishika. Sisi wa sendika tulilisema pia, hatukatai. Lakini leo tunaomba tujiulize pamoja, watumikaji, wake zetu na watoto wetu: mutu akitaka kutusemea kwenye redio, tunamupatia nini cha kusema? Na akipata shida juu ya kazi hiyo, sisi tunakuwa wapi?

Tuanze na mutu mmoja ambaye wengi wetu tulisikia jina lake. Serge Maheshe alikuwa mwandishi wa habari wa Radio Okapi pale Bukavu, na mwisho alikuwa kati ya wale wanaopanga na kusahihisha habari mbele zisomwe. Vijana wa leo hawajui vizuri redio hiyo ilitoka wapi. Ilianza tarehe 25 mwezi wa pili 2002, ikisimamishwa na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Wakati ule inchi ilikuwa imekatwa vipande. Hata Katanga yetu ilikatwa: Likasi na Lubumbashi zilikuwa upande wa serikali ya Kinshasa, Kalemie ilikuwa upande wa RCD. Mutu wa hapa mwenye mukubwa wake Kalemie hakujua kama anaishi ao alishakufa. Njo pale ikatokea sauti moja iliyosikika pande zote, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Wazee wetu walinunua mabuye ya redio mbele ya kununua sukari.

Kazi ya siasa kwenye redio namna hiyo haikuwa kusoma majina ya wakubwa waliopanda ndege na walioshuka. Bukavu ilikamatwa na askari waasi mwezi wa sita 2004. Kisha ukaja uchaguzi wa 2006. Katika muji kama ule, kuuliza tu «nani alifyatua risasi?» ao «kura hizi zilihesabiwa wapi?» ni kujitia kwenye hatari. Mwandishi wa habari analala katika muji ule ule na watu anaowauliza.

Usiku wa tarehe 13 mwezi wa sita 2007, Serge Maheshe alitoka nyumbani kwa rafiki yake akiwa na wenzake wawili. Watu wenye bunduki wakamupiga risasi. Alikuwa na miaka 31. Kesi ilipelekwa haraka haraka mbele ya korti ya kijeshi, na tarehe 28 mwezi wa nane wale rafiki zake wawili, waliomuona akianguka, wakahukumiwa kifo pamoja na wengine. Watetezi wa haki za watu walipiga kelele kwamba kesi ile haikusimama vizuri. Mwaka uliofuata, korti ya juu ikawaachilia wale wawili. Na mbele machozi ya Bukavu hayajakauka, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2008, mwandishi mwingine wa redio ile ile, Didace Namujimbo, akauawa kwa risasi usiku karibu na nyumba yake. Swali la nani aliwatuma wauaji halikupata jibu la kutuliza moyo.

Mutu atasema: «Ile ni Kivu, ile ni vita. Inatuhusu nini sisi watu wa shaba?» Inatuhusu. Wale wawili walikuwa na mushahara, walikuwa na redio kubwa nyuma yao, na bendera ya Umoja wa Mataifa juu ya nyumba ya kazi. Pamoja na hayo yote, risasi iliwafikia. Sasa muangalie kijana anayesoma habari kwenye redio ya mutaa kwetu. Hana kontrati. Hana mushahara wa kila mwezi. Akigonjwa, anajitunza mwenyewe. Anatembea kwa miguu na telefone ya kurekodia mfukoni. Kama angekuwa mutumikaji wa mgodi, sisi wa sendika tungekuwa tulishasimama mbele ya buro ya mukubwa wake zamani.

Njo pale coupage inaingia. Kampuni inaita waandishi kwenye sherehe, inawapatia kinywaji na bahasha ya «transport», na kesho yake tunasikia habari tamu tupu. Tunakasirika. Lakini tuseme ukweli: sisi pia, siku za mukutano wetu mukubwa, tulitoa bahasha. Ndogo kuliko ya kampuni, ndiyo, lakini bahasha. Tulitaka atuimbie sisi. Mutu mwenye njaa anaimbia yule aliyemulisha mwisho. Kosa si la njaa yake peke yake. Ni la sisi wote tulioona njaa ile tukaitumia.

Kuna kosa letu lingine, na hili linatuuma zaidi. Miaka fulani, wakati wa mvua, udongo uliangukia watu mu kisima kimoja upande wetu huu. Jina la fasi tunaliacha, juu hatukuja hapa kushitaki mutu. Mwandishi mmoja kijana alikuja siku ile ile, viatu vimejaa matope. Akatuuliza: watu wangapi walikuwa ndani? Nani aliwatuma kushuka na mvua? Kamba ilikuwa ya nani? Tulikuwa wengi pale, na tulijua. Mmoja akasema hayuko na ruhusa ya kusema. Mwingine akasema muulize sheff wa ekipe. Mwingine akasema, «Bwana, miye niko na batoto.» Hakuna aliyesema uongo. Lakini kijana alirudi na matope na mikono mitupu. Kesho yake redio ikasoma tangazo la wakubwa, mistari minne, na sisi wote tukasema: «Munaona? Balishauzwa.» Wajane walisikia habari ya bwana zao kwenye mistari ile minne.

Tangu siku ile tunafikiri hivi: redio haiwezi kushinda woga wa wale inaowasemea. Mwandishi ni kama mutu anayeshushwa kisimani. Ana akili yake na nguvu zake, lakini kama walio juu wanaachilia kamba, atafika chini peke yake.

Na sisi tunamuhitaji sana, zaidi ya anavyotuhitaji. Kodi ya mgodi iliyobadilishwa mwezi wa tatu 2018 inasema asilimia 15 ya redevance ya madini ni ya eneo ambako mgodi uko, na kampuni iweke asilimia 0,3 ya pesa yote ya mauzo yake kwa maendeleo ya wanainchi wa pale. Njo mashule, njo visima vya maji, njo dispensari. Sendika inaweza kuuliza kampuni juu ya mushahara na helmeti. Lakini nani atamuuliza mukubwa wa eneo, kwenye redio, watu wote wakisikia: «Papa, ile asilimia 15 iliingia siku gani, ikajenga nini?» Hiyo ni kazi ya mwandishi wa siasa. Siasa kwake si Kinshasa tu. Siasa ni bomba la maji lisilotoa maji.

Tuko na mfano wa karibu zaidi. Tarehe 8 mwezi wa tisa 2023, Stanis Bujakera, wa Actualité.cd, Jeune Afrique na Reuters, alikamatwa Kinshasa kwenye kiwanja cha ndege cha N'djili. Alikuwa anakuja huku kwetu, Lubumbashi. Alifungwa Makala juu ya makala iliyotoka katika Jeune Afrique, bila jina lake chini, kuhusu kifo cha Chérubin Okende. Alihukumiwa miezi sita, akatoka tarehe 19 mwezi wa tatu 2024. Miezi sita ile yote, sendika za mgodi za Haut-Katanga ziliandika barua ngapi? Sisi hatukuandika hata moja. Tulikuwa tunahesabu prime zetu.

Basi tunatoa mashauri matatu kwa wenzetu, na tunaanza nayo sisi wenyewe.

La kwanza: kukitokea ajali ao shida kazini, delege wawili ao watatu waongee na redio pamoja, kwa jina la sendika. Mutu mmoja akisema, wanamufukuza. Sendika ikisema, wanajibu.

La pili: bahasha tunaikomesha. Tukiwa na tangazo, tunalilipa kwenye buro ya redio na risiti mkononi. Na tunawauliza wenye redio: kontrati za watu wenu ziko wapi? Sheria ya kazi ya 2002 ni yao pia.

La tatu: mwandishi akikamatwa ao akitishwa juu ya habari ya kweli, tunaenda pale alipo, na makofia yetu ya kazi kichwani, sawa vile tunavyoenda kwa mwenzetu wa shimo.

Kuna atakayesema waandishi wengine ni waongo, wengine wanatumikia wanasiasa. Ni kweli. Na kati yetu kuna wanaoiba kable usiku, lakini hakuna aliyesema watumikaji wote wafukuzwe. Mwandishi akikosa, tumupelekee ukweli wenye hesabu, asahihishe.

Kijana yule wa viatu vya matope bado anasoma habari. Tunamusikia asubuhi tukivaa bote. Siku moja atarudi na telefone yake na atauliza tena: «Walikuwa wangapi?» Safari hii tumujibu.