Shosho Si Mchawi, Mpelekeni Apimwe

Wasee, hii stori ya "ni uzee tu" tuiache. Shosho akiuliza swali moja mara nne asubuhi, mnacheka, mnamrekodi, mnapost. Akianza kupotea njia ya kwake mwenyewe, anaitwa mchawi. Kisii na Kilifi wazee wameuawa kwa jina hilo.

Mimi niliacha chuo, si daktari, lakini dakika 3 najua kuhesabu. Kipimo cha Mini-Cog ni hizo tu: anapewa maneno 3, anachora saa ikionyesha saa tano na dakika kumi, kisha anayataja tena yale maneno. (Kama hajazoea kalamu, semeni mapema, asihukumiwe kwa mchoro.) Hakisemi ana Alzheimer, kinasema achunguzwe zaidi. Pengine ni vitamini B12 imepungua, na hiyo inatibika. Sasa bando ya kumpost mnayo, nauli ya kumfikisha kliniki ndiyo hamna?