Benki na Mpira wa Wanawake

Mjini Istanbul, nchini Uturuki, iko klabu ya wanawake ya mpira wa wavu iitwayo VakıfBank. Jina hilo si geni sana kwa sikio la Mswahili, maana vakıf ni wakfu ile ile tuijuayo sisi. Na benki yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1954, ili mali za wakfu zizae badala ya kulala. Klabu ilianza mwaka 1986. Kati ya mwaka 2011 na 2023 ilitwaa kombe la mabingwa wa Ulaya mara sita, na ubingwa wa klabu za dunia mara nne: 2013, 2017, 2018 na 2021.

Wako wasemao ya kwamba ushindi huo umenunuliwa kwa fedha tu. Hatulikubali neno hilo lote. Fedha zipo, wala hazifichwi: Zhu Ting aliletwa kutoka Uchina mwaka 2016, na mwaka 2019 wakaja Isabelle Haak wa Sweden na Gabriela Guimarães wa Brazil. Lakini klabu tajiri ni nyingi. VakıfBank ilimwandika kazi kocha Mwitaliano, Giovanni Guidetti, mwaka 2008, ikamvumilia miaka mitatu hata akapata kombe la kwanza la Ulaya. Na la sita alilipata yeye yule. Tangu Oktoba 2012 hata Januari 2014 timu yake ilishinda michezo 73 mfululizo. Hesabu hiyo ilipitwa mwaka 2021 na Conegliano ya Italia. Kisha Desemba ya mwaka huo, mjini Ankara, VakıfBank ikawashinda hao hao katika fainali ya dunia, seti 3 kwa 2. Mshabiki gani asingecheka?

Tena klabu hiyo hulea vijana. Kanuni za ligi ya Uturuki haziruhusu wageni watupu kujaa uwanjani, hivyo kila klabu yalazimika kuwa na wasichana wa nchi. Zehra Güneş na Cansu Özbay walipitia timu za vijana za VakıfBank, nao walikuwamo katika timu ya taifa iliyotwaa Ligi ya Mataifa na ubingwa wa Ulaya mwaka 2023.

Jambo hili latuhusu sisi wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya klabu kubwa za wanawake ni za waajiri vile vile: benki ya KCB, kampuni ya mabomba ya mafuta, na Magereza, na zote tatu zimepata kuwa mabingwa wa Afrika. Tofauti ni hii. Kule Istanbul mwanamke hulipwa kwa kucheza, na mkataba wake una kikomo. Askari wa Magereza achezaye mpira huweza kubaki na kazi yake siku atakapoacha uwanja. Wanaotaka mchezo wa kulipwa uingizwe upesi hawalitaji jambo hilo, nasi twaona ni kubwa kuliko kombe.

Basi tusiwaige Waturuki katika mkataba. Tuwaige katika subira yao kwa kocha, na katika timu za wasichana wa miaka 14 na 15, ambao mwajiri aweza kuanza nao mwaka huu huu, kwa mipira michache, wavu, na mwalimu mmoja mwenye mshahara.